Siku Baba Mkwe Alipokwenda Kizuka Kusoma

Watu wakijua kwamba nilizaliwa kilimani Kizuka na kuolewa Rumonge mwambaoni, huniuliza habari za mauaji ya mwaka wa sabini na mbili. Huo nao niliuona, na wengi wa hao nitakaowaeleza hapa, wa kilimani na wa mwambaoni, hawakuuvuka. Lakini sipendi wakumbukwe kwa namna walivyokufa peke yake. Walikuwa na miaka mingine, na upo mmoja, kabla kidogo ya uhuru, ambao tuliushinda. Huo ndio ninaotaka kuusimulia, tena polepole, kwa sababu ndani yake kuna neno moja la Kirundi ambalo msomaji asipolielewa hatacheka mahali pa kucheka.

Baba mkwe wangu alikuwa mwenye ardhi. Babu yake alivuka ziwa kutoka Kongo akapanda michikichi ya kwanza kwenye tambarare kati ya mji na vilima. Baba yake akaongeza, na yeye akaongeza tena, mpaka ukisimama kwenye njia ya kwenda Kizuka ulikuwa huoni mwisho wa shamba. Waliopanda juu ya miti na kukata mikungu walikuwa wanaume wa kilima cha kwetu. Waliochemsha chikichi na kukamua mawese walikuwa wanawake wa mtaa wa Waswahili, nami nikawa mmoja wao baada ya kuolewa na mwanawe. Ukisikia mtaa wa Waswahili usidhani ni watu waliofika jana. Ni Waislamu waliozaliwa pale pale Rumonge, wavuvi, waashi, mafundi cherehani, wauza samaki, ambao babu zao walitoka Kongo na Tanganyika. Hawakuwa na kwao kwingine.

Hata hivyo, habari za uhuru zilipoanza kusikika, sokoni kulizuka maneno. Walisema, Wabelgiji wakiondoka, na Waswahili nao wafunge mizigo, wageni wote warudi walikotoka. Mama mkwe wangu alirudi siku moja na kikapu chake cha ndagala, dagaa wa ziwa letu, akakitua kwa kishindo.

"Iko mutu ananiambia nirudi kwetu," akasema. "Nimemuuliza, kwetu wapi? Mimi nimetoka nyuma ya musikiti."

Tulicheka, lakini baba mkwe hakucheka. Muda mfupi baadaye ikatangazwa kwamba kila komine, yaani kila tarafa, itachagua madiwani wake, makonseye kama tulivyowaita, nasi tukamwona anapiga pasi kanzu yake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alitaka kiti. Aliwaeleza wanawe hivi: mtu aliyekaa kwenye baraza la komine, aliyechaguliwa na watu wa hapa, hakuna awezaye kumwambia arudi kwao, na wasipoweza kumwambia yeye, hawataweza kuuambia mtaa mzima. Shida ilikuwa hesabu. Kura za mtaa wetu peke yake hazikutosha. Ilibidi apate na za Kizuka.

Angeweza kujidanganya kwamba kura hizo anazo tayari, kwa kuwa wakataji wake walitoka huko. Kilichomzindua ni mazungumzo na mzungu mmoja, fundi wa mitambo kwenye meli ya Kigoma, Mskoti mwenye masharubu mekundu na Kiswahili kizuri kuliko changu. Kila meli ikitia nanga alikuja kununua mawese na kunywa chai barazani kwetu. Baba mkwe alimuuliza kama huko kwao kuna wenye ardhi wanaoingia kwenye siasa.

"Zamani walikuwa wao tu," Mskoti akajibu. "Zama za babu wa babu yangu, mwenye ardhi akitaka kwenda bungeni hakumuomba mtu. Aliwaita wenzake wachache wenye ardhi kama yeye, wakala nyama ya kulungu, wakanywa, kesho yake ni mbunge."

"Na waliomulimia?"

"Waliomlimia walisimama kando ya njia, wakavua kofia."

Baba mkwe akazungusha kikombe chake. "Basi mimi nimechelewa kuzaliwa," akasema. Mskoti akacheka mpaka chai ikamwagika. Lakini alipoondoka, baba mkwe alibaki ameketi, akamwambia mkewe, "Hapa mwenye kuvua kofia nitakuwa mimi." Na kesho yake akatuma salamu Kizuka, kwa mushingantahe, kuomba aende kuongea na wazee.

Nieleze. Mushingantahe ni mtu mzima ambaye kilima kimemwamini kuamua ugomvi: wa mpaka, wa mbuzi, wa mke na mume. Yule wa kwetu alikuwa mrefu, mkavu, mwenye ulimi mkali, na aliyoyasema yeye na wenzake yalifuatwa hata na wasiompenda. Jibu lake lililetwa na mkataji mmoja. Mimi nilikuwa ziwani nikiosha ndagala. Niliporudi, mama mkwe alinipokea uso umeng'aa.

"Wamekubali," akasema. "Wanataka baba yako aende, wasome pamoja."

"Wasome?"

"Ndiyo, wasome. Amekwenda musikitini kumuita mwalimu."

Nami nikafurahi. Nilidhani kilima kimetaka kuiheshimu dini yetu. Na hapa ndipo lilipo lile neno. Mushingantahe alikuwa amesema kwa Kirundi, aje dusome. Kwa Kirundi, gusoma ni kusoma kitabu, kama kwa Kiswahili. Lakini pia ni kunywa kwa kufyonza, kupiga funda la pombe, na mwanamume wa kilimani akikwambia njoo dusome, hajafikiria kitabu hata kidogo. Baba mkwe aliongea Kirundi cha kutosha kupanga bei na kuamkua wagonjwa. Ila kwa kuwa hakuwahi kukaa penye chungu cha pombe maishani mwake, upande huo wa neno hakuwahi kuusikia. Nami neno liliponifikia lilikuwa limekwisha kuwa la Kiswahili.

Siku ilipofika walipanda Kizuka, yeye kwa kanzu na koti, mwalimu wa msikiti kando yake. Nilifuata nyuma na mama mkwe, kwa kuwa mama yangu mzazi alikaa kilima kile kile, chini ya kwa mushingantahe. Tuliwakuta wanaume wa kilima wameketi duara uani, na kila mmoja ameshika mkononi mrija wake wa kunywea, wa unyasi, ule tunaouita umuheha. Nilipoiona ile mirija nilikumbuka maana ya pili ya dusome. Lakini baba mkwe alikuwa amekwisha kusimama katikati.

"Amahoro," akawaamkia.

"Amahoro," wakajibu, wakatazama mikono yake, kwani kwetu mwenye ombi ndiye huja na pombe. Hakukuwa na chungu. Kulikuwa na karatasi.

Mwalimu alianza kwa dua. Kisha baba mkwe akasoma. Alikuwa ameandika kuhusu babu yake, kuhusu michikichi, kuhusu njia ya kuteremshia mazao, kuhusu uhuru. Yalikuwa maneno mazuri, nami nayakumbuka yalivyokuwa mazuri, na wale wazee waliyasikiliza kwa adabu, mirija imesimama mikononi kama mikuki midogo. Mmoja aliupuliza wake kuona kama umeziba. Baba mkwe akafika mwisho.

"Umemaliza kusoma?" mushingantahe akauliza.

"Nimemaliza, muzee. Murakoze, asanteni."

"Ni vizuri. Sisi bado hatujaanza."

Mtu mmoja alikohoa. Mwingine akaficha uso. Baba mkwe akatazama duara lile, mrija baada ya mrija, nikaona macho yake yanaelewa. Nilitamani ardhi inimeze mimi kwa niaba yake. Lakini alikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko cha tumboni kabisa, mpaka akamshika mwalimu begani asianguke, na mwalimu, ambaye hakujua kinachochekwa, akacheka kwa kufuata. Hapo kilima kizima kikaangua kicheko. Naamini ndipo alipoanza kupendwa, ingawa kupendwa hakukuwa kura bado.

"Muswahili ametusomea mpaka makoo yamekauka," mushingantahe akasema, akipangusa macho. "Nenda, ujipange. Urudi na kitu cha kusoma kweli. Na ukumbuke, sisi hatunywi cha mutu ambaye hakukionja."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyokuwa mazito. Kwetu, anayekaribisha hunywa kwanza mbele ya wote, ili kila mtu aone kwamba hakutia sumu. Hakuna namna ya kuikwepa. Na njiani kurudi, mwalimu, aliyekwisha kuelezwa, hakucheka tena.

"Ndugu yangu," akasema, "mimi nakupenda. Lakini ukitia mudomo kwenye pombe yao, usitafute kura hata moja kwetu mutaani. Hata yangu."

Sasa msomaji ameona mtego ulivyokuwa. Akinywa, anaupoteza msikiti. Asipokunywa, anakipoteza kilima. Na akiwapelekea pombe bila kuionja, atakuwa amewatukana. Kila njia ilifika mahali pamoja: hakuna kiti, na mtaa wetu unabaki wa wageni.

Mama mkwe alimshauri aache. "Kaa na mawese yako," alimwambia. "Nani alikutuma?"

Jioni ile baba mkwe aliingia uani nilipokuwa nachambua mchele pamoja na mama mkwe, akaketi akitupa mgongo. Si kwamba alikasirika. Kwa heshima, yeye na mimi hatukuzungumza ana kwa ana. Akitaka kuniambia jambo aliliambia ukuta, nami nilimjibu mama mkwe, na wote tulisikia vizuri.

"Mama watoto," akauambia ukuta, "muulize binti wa kilima. Pombe ya ndizi, kabla haijakuwa pombe, ni nini?"

Nilisahau mchele. "Mama," nikasema, "mwambie baba, ni umutobe. Ni maji ya ndizi mbivu tu, yamekamuliwa kwa nyasi. Ni matamu. Watoto wanakunywa."

"Na huwa pombe lini?"

"Yakikaa, mama. Na kwenye joto hayakai sana."

Baba mkwe akaugonga ukuta kwa kidole. "Basi tutayakamulia juu kilimani, asubuhi ile ile ya kunywa," akasema. "Na mwalimu atayaonja kabla yangu."

Ndizi zilitoka kwa baba yangu mzazi. Zilivundikwa shimoni, zikafunikwa majani na udongo mpaka zikaiva zikalegea. Asubuhi ya siku ya miadi kaka zangu walizikanda pamoja na nyasi kwenye hori la mti mpaka maji yakatoka. Tukayachuja, tukayamimina kwenye chungu kikubwa, tukakiweka kivulini chini ya paa la ghala la baba yangu. Mwalimu alifika mapema, amevaa kilemba kipya. Aliinama juu ya chungu, akanusa. Akachovya kijiko, akaonja, akafumba macho.

"Hii ni sukari tupu," akasema. "Hii hata mimi nakunywa."

Ila wazee hawakuonekana. Kwetu mtu wa heshima hafiki mapema, na siku ile walizidisha. Jua likapanda. Kivuli cha ghala kikaanza kusogea, nasi tukasogeza chungu kukifuata. Mwalimu hakuweza kutulia. Kila mara alirudi, akainama, akanusa, na kila mara pua yake ilikaa juu ya chungu muda mrefu zaidi.

"Bado ni sukari?" baba mkwe akamuuliza.

"Bado."

Baadaye tena, "Bado?"

"Bado. Lakini inaanza kufikiri."

Baba mkwe alipangusa jasho shingoni. Sijapata kumwona na hofu kama ile, hata siku za dhoruba ziwani. Alijua kwamba ikichacha, mwalimu atasema kweli, na hakutaka asiseme.

Hatimaye tukawaona wanateremka kwa mstari, mushingantahe mbele, mrija umechomekwa kwenye nywele. Aliketi, akatazama ndani ya chungu. Hakuna povu. Akainua macho.

"Hii ni nini?"

"Ni umutobe, muzee."

"Umutobe." Alilirudia neno hilo kama mtu aliyeonyeshwa nguo ya mtoto akaambiwa avae. "Nimetembea jua lote hili nije kunywa maji ya watoto. Sisi tunaonekana hatuna meno?"

Wenzake wakacheka. Baba mkwe alisimama, na safari hii hakuwa na karatasi.

"Muzee," akasema, "ningeweza kukuletea pombe kali ya kilima hiki. Mali ya kuinunua iko. Lakini mimi siinywi, unajua. Ningesimama hapa, ningekuambia, karibu, kunywa, mimi sionji. Ungekunywa?"

Mushingantahe akatazama chungu tena.

"Nani hapa angekunywa?" Akawazungukia kwa macho, mmoja mmoja. "Kinywaji ambacho mwenyewe anakiogopa?"

"Hapana, hicho hatunywi," akasema mmoja wao kwa sauti ya chini, kama anayejiambia.

"Basi nimeleta ninachoweza kunywa wa kwanza, mbele yenu, bila kumuogopa Mungu wangu na bila kuwaficha kitu. Mwenye kutaka cha kulewa atakipata kwingine. Kwangu utapata nilichokionja."

Akapiga magoti kwenye chungu, akaomba mrija. Hakuna aliyempa. Kisha mushingantahe akachomoa ule wa kwake nywelini, akaufuta kwa kiganja, akamnyooshea. Baba mkwe akanywa. Alikunywa funda refu, la mtu mwenye kiu ya siku nyingi, akainuka na masharubu yamelowa.

"Nimesoma," akasema kwa Kirundi.

Hapo hata mama mkwe, ambaye alikuwa ameuma ncha ya kanga tangu asubuhi, alicheka. Mushingantahe akachukua mrija wake, akanywa. Wakafuata wengine kwa umri wao. Na mwalimu wa msikiti, bila kuombwa, akakunja kilemba kisiingie chunguni, akapiga magoti kati ya wazee wawili, akanywa nao. Mimi nilizaliwa kilimani, nikasilimu nilipoolewa, na sikuwa nimewahi kuona watu wangu wa pande mbili wameinamisha vichwa juu ya chungu kimoja. Nilipiga vigelegele kabla sijakumbuka kwamba baba mkwe yupo.

Msomaji ataniuliza kama umutobe ndio uliompa kura. Naweza kumweleza nilichokiona. Siku ya kupiga kura wanaume wa Kizuka waliteremka pamoja, wakapita kwenye njia ya shamba letu, na mtaani kwetu vijana walijiunga nao. Walifika kwenye ofisi ya komine kundi moja, wa kilima na wa mwambao wamechanganyika hata karani hakujua aanzie wapi kuwapanga. Matokeo yaliposomwa, jina la baba mkwe lilisomwa miongoni mwa waliochaguliwa, tena wa waliopata kura nyingi. Walimbeba. Upande huu wavuvi, upande ule wakataji wa mikungu, nao wakamvuta kila mmoja kwake mpaka akaomba, kwa sauti ya kinyonge kabisa, ateremshwe kwani anaona kizunguzungu. Hawakumsikia. Walimfikisha nyumbani amepoteza kiatu kimoja, na usiku ule sufuria la pilau lilipikwa mara mbili kwa sababu la kwanza liliisha kabla watu wa Kizuka hawajanawa.

Mtaa wetu ulilala vizuri. Sokoni yule aliyemwambia mama mkwe arudi kwao alimuuzia nyanya na kumwongezea bila kuombwa, naye akazichukua bila kusema kitu, jambo ambalo kwake lilikuwa gumu kuliko uchaguzi.

Lakini mimi sikuamini kwamba tumeshinda mpaka asubuhi iliyofuata. Nilikuwa nafagia nje nikamkuta mushingantahe amesimama mlangoni, fimbo mkononi, uso umekunjamana. Baba mkwe akatoka, akamkaribisha chai. Akakataa.

"Konseye," akasema, "michikichi yako ya pembeni inakula jua la maharage yangu. Matawi yamevuka mupaka. Mwaka huu sijavuna kitu."

Baba mkwe alishangaa. "Michikichi ile ilipandwa na baba yangu. Miaka yote hii kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa mugeni," mushingantahe akasema. "Mugeni unamuvumilia. Sasa wewe ni wa hapa, na mimi nimekuja kukushitaki."

Baba mkwe akashika mwimo wa mlango. Kisha akaingia ndani, akatoka na panga, akavaa viatu vya shamba, na wakaenda pamoja kwenye njia ya Kizuka wakibishana mpaka unapita wapi. Asubuhi nzima tulisikia matawi yakianguka, na sauti ya yule mzee ikisema, "Na lile. Hapana, si hilo, lile la juu."